Mume wa rafiki yangu tuliyemsomea khitma kila mwaka, nimemkuta Dubai ananivalisha viatu vya barafu

Wakuu, salamu kutoka Muscat.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma nyuzi zenu kwenye basi la kiwanda asubuhi, nacheka peke yangu hadi Wahindi wananigeukia. Sikutegemea kama siku moja na mimi ningekuwa na kitu cha kuandika.

Ila hili limenizidi. Na mhusika mwenyewe ndiye kaniambia, "Andika, labda wenye akili watanisaidia." Kwa hiyo nina ruhusa yake. Majina nimebadilisha, mengine yote nayasimulia kama yalivyotokea. Atakayeona ni chai anywe tu, sitagombana na mtu. Mimi nilikuwepo kwa macho yangu na bado kuna siku naamka siamini.

Kwanza mjue tulivyo.

Mimi ni mwanamke, mtu wa Morogoro, huu mwaka wa nne nipo Oman. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti kule Rusayl, upande wa kufungasha. Naishi Darsait, nimepanga chumba na dada mmoja wa Tanga, tumwite Mwanaidi. Yeye yuko saluni ya kina mama huko Bawshar, anasuka, anapaka hina, anafanya kila kitu.

Miaka mitatu tunalala chumba kimoja. Nikiumwa ananipikia uji. Akichelewa kazini silali hadi nisikie funguo mlangoni. Hapa ugenini huyo ndiye ndugu yangu.

Mwanaidi ni mjane.

Ndivyo nilivyomjua tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza kawaida tu, kama tunavyoulizana sisi, mume yuko wapi. Akasema, "Alifariki." Alikwenda Dubai kutafuta maisha, akapata ajali kazini, akazikwa huko huko. Basi. Akageukia ukutani, na mimi sikuuliza tena.

Juu ya kitanda chake kulikuwa na picha ya marehemu kwenye fremu. Kijana mweupe wa meno, kanzu, kofia ya mkono, nyusi ya kushoto imekatwa katikati na kovu la mpira wa utotoni. Anaitwa Shabani. Siku ya usafi mimi ndiye nilikuwa naifuta ile picha. Na nilikuwa namsalimia kabisa: "Shemeji, samahani kidogo, nakutoa vumbi."

Msicheke. Mtu ukiishi na picha miaka mitatu inakuwa kama mwenzenu wa tatu chumbani.

Sasa chini yetu anakaa mama mmoja wa Kiomani, Bi Thuwaiba. Hawa ni wale ambao wazee wao waliishi Unguja, kwa hiyo nyumbani kwao ni Kiswahili na Kiarabu vimechanganyika, na Kiswahili chake ukikisikia utatamani asinyamaze. Watoto wake wote wakubwa, wana kazi serikalini, walishahamia kwenye majumba makubwa. Yeye kakataa kuhama Darsait. Anatuita wanangu.

Kila mwaka ikifika ile tarehe ya msiba, Bi Thuwaiba anafungua sebule yake. Kina mama wa jengo wanakuja, misahafu inagawiwa, inasomwa khitma ya marehemu Shabani. Inaombwa dua. Halafu halua na kahawa.

Zimesomwa tatu. Mimi nilihudhuria mbili, moja nilikuwa shifti. Na zote mbili nililia. Mtu sijawahi kumwona, ila nilikuwa namtazama Mwanaidi alivyoinama, namfikiria na mtoto wake Imran, ana miaka saba, yuko Tanga kwa bibi yake hana baba, machozi yanakuja yenyewe.

Sasa tuje kwenye safari.

Kuna dada wa Kenya hapa Muscat, Njeri, anapanga trip za wikendi. Akatuma kwenye group picha za ule mlima wa barafu wa Dubai, ule ulio ndani ya mall. Barafu ya kweli, wakuu. Watu wamevaa makoti mazito wanateleza na zile mbao za ski kama Ulaya, na nje ya ukuta ni jangwa. Mpango wenyewe: basi linaondoka Alhamisi usiku, Ijumaa mnashinda kwenye barafu, mnalala huko, Jumamosi jioni mnageuza. Visa anashughulikia yeye.

Nilipagawa. Mtu unashinda jirani na oveni za biskuti, ukitoka nje jua linakupokea kama lilikuwa linakusubiri. Nikasema hapana, mara moja maishani lazima nisikie baridi isiyotoka kwenye AC.

Mwanaidi akagoma. "Dubai sina hamu nayo."

Nikamwelewa. Mume kafia kule, nani atakuwa na hamu?

Aliyembadilisha ni Bi Thuwaiba. Tulikuwa tumekaa kwake siku moja nikamtajia ile safari. Akamgeukia Mwanaidi, akamshika mkono.

"Nenda, mwanangu. Miaka yote hii hujamzuru mumeo. Mie nna marashi mazuri ya Jabal Akhdhar, ntakupa ukamwagie kaburini. Umsomee Fatiha hapo hapo alipolala, roho yako itatua."

Mwanaidi akautazama ule mkono uliomshika. Akasema, "Haya, bibi."

Mimi nikaona amepata ujasiri. Wakuu, angewezaje kusema hapana? Ila hilo nimelijua baadaye.

Basi. Alhamisi usiku tukapanda, wengi wetu Watanzania, Wakenya na Waganda, na familia mbili za Kifilipino. Mkoba wangu una soksi nene, biskuti za kiwandani zilizovunjika wanazotuuzia bei ya bure, na chupa ya marashi ya Bi Thuwaiba nimeizungushia taulo isivunjike. Nilikuwa nimeshapanga Jumamosi asubuhi tutafute hayo makaburi. Nimeshamuuliza Njeri kama basi linaweza kutusogeza.

Dereva alikuwa Mpakistani mmoja mpole, ila AC yake haina huruma. Watu walijifunika kanga, mitandio, mpaka pazia za basi. Njeri aliweka muziki hadi tukapita Barka, dereva akaomba, "Madam, please, nataka kusikia barabara." Tukacheka, muziki ukazimwa, mmoja mmoja akalala.

Mwanaidi hakulala. Kila nikishtuka namwona paji la uso lipo kwenye kioo, taa za barabarani zinampita usoni.

Mbele ya Sohar tulisimama kituo cha mafuta, tukanywa chai ya karak. Akaniuliza, "Dubai ni kubwa sana, eti?"

Nikamwambia kubwa mno.

"Watu hawakutani ovyo ovyo."

Nikajua anawaza kaburi, kwamba tutalipataje kwenye mji wote ule. Nikamwambia tutauliza, kila makaburi yana ofisi. Akamwaga chai iliyobaki, akarudi kwenye basi.

Mpakani tuliteremka na pasi zetu na bataka, hivi vitambulisho vyetu vya ukaazi. Foleni ya kutoka Oman, basi tena, foleni ya kuingia upande wa pili. Mwanaidi alitoa bataka badala ya pasi mara mbili, mpaka askari akamuuliza kama anaumwa. Nikajibu mimi kwa Kiarabu changu cha kiwandani kwamba mumewe amezikwa Dubai. Yule askari akasema Mungu amrehemu, akagonga muhuri.

Kumbukeni hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo. Nimeshamwombea rehema hadi na askari wa mpakani.

Asubuhi tukasali Alfajiri kwenye msikiti wa kituo cha mafuta, tukanawa nyuso zilizovimba, tukaingia mjini. Swala ya Ijumaa ilipopita tukaenda mall.

Jamani ile sehemu. Kuna ukuta wa kioo mkubwa, huku upande wetu watu wanakula burger na kandambili miguuni, upande wa pili theluji. Kuna kiti cha waya kinapandisha watu juu, watoto wadogo wanashuka wanapiga kona kama wamezaliwa nayo. Nilisimama nikaweka kiganja kwenye kioo, kikaganda. Nilicheka kama mtoto.

Unapewa kila kitu. Suruali nene, koti, glovu, kofia ya chuma. Mwisho unafika kwenye kaunta ya viatu. Viatu vyenyewe vigumu kama ndoo, na huwezi kuvivaa peke yako, kuna vijana wanapiga goti wanakufungia vile vikamatio.

Mwanaidi alikuwa amerudi kule nyuma kutafuta soksi, zake zilikuwa fupi. Mimi nikakaa kwenye benchi, nikanyoosha mguu. Njeri anapiga kelele pembeni kwa Kiswahili, "Mwenye glovu mbili za kushoto ni nani?"

Kijana aliyepiga goti mbele yangu akacheka bila kuinua kichwa.

"Dada zangu mnatokea wapi? Bongo?"

Nikafurahi. "Morogoro mimi! Tumetoka Muscat."

"Mimi mtu wa Tanga," akasema, akakaza kikamatio cha kwanza, akainua uso. "Kinabana?"

Wakuu.

Nyusi ya kushoto. Lile kovu. Yale meno.

Kwenye kifua kuna kibandiko cha jina: SHABANI.

Nilisema "Innalillahi" kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu.

"Kinabana sana?" akauliza. "Ngoja nikupe namba ya juu."

Nataka kuvuta mguu na mguu ameushika yeye. Kichwani nikawa natafuta: ana ndugu pacha? Mdogo wake? Ila kovu mapacha hawagawani. Na jina je? Baridi niliyoifuata Dubai ilinipanda mgongoni nikiwa bado sijaingia hata mlango wa barafu.

Ndipo Mwanaidi akatokea na soksi mkononi.

Hapa nataka mnielewe vizuri, maana ndipo kisa chenyewe kilipo. Mimi nilijiandaa. Nilijua atapiga yowe, atazimia, nitamdaka. Mume aliyezikwa amepiga goti hapo anauliza kama kiatu kinabana!

Mwanaidi alisimama. Akamtazama. Akaweka soksi kwenye benchi taratibu, kama mtu anayeweka mzigo chini.

Akasema, "Kwani siku hizi uko hapa?"

Hivyo tu! Kama mtu uliyemkosa sokoni wiki mbili.

Shabani akasimama, uso umemshuka. "Mwanaidi?" "Mwaka wa pili sasa. Zamani nilikuwa kwenye ujenzi."

Mimi sikujizuia, nikaropoka mbele ya watu wote, "Mwanaidi! Huyu si marehemu?"

Shabani akanigeukia. "Marehemu nani?"

Foleni nyuma yangu imekuwa ndefu, mkubwa wake anamwita, yalla yalla, fanya haraka. Na mimi nilimtazama Mwanaidi usoni na pale pale nikaelewa. Haukuwa uso wa mtu aliyefufukiwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa.

Alijua. Miaka yote mitatu alijua kwamba huyu mtu ni mzima.

"Nenda kateleze," akaniambia polepole. "Tiketi yako ina muda. Nitakueleza yote, wallahi nitakueleza."

Na mimi nikaenda. Sijui kwa nini nilimtii. Nadhani akili ilikuwa imezima, miguu imeshafungwa kwenye zile ndoo, mwalimu wa ski anaita kundi letu, nikafuata kundi.

Kwa hiyo hiyo ndiyo ski yangu ya kwanza, wakuu. Niliyoisubiri miezi.

Mwalimu anasema mpinde magoti, ncha za mbao mzikutanishe mbele, mbele ziwe nyembamba nyuma pana, ndiyo breki. Wenzangu wanacheka, wanapiga picha. Mimi pua zimeganda ndani, pumzi inatoka moshi, na nawaza ile picha. Nilivyokuwa naifuta. Nilivyokuwa naiomba samahani.

Nikasahau breki. Nikashuka mlima moja kwa moja, nikampita mtoto wa Kichina, nikampita mwalimu, nikaishia kwenye wavu wa chini miguu juu. Theluji imeniingia shingoni. Nikabaki nimelala pale natazama dari la ule mlima, na nikaanza kulia. Mwalimu alidhani nimevunjika.

Nilipoinuka nikatazama kwenye ule ukuta wa kioo. Nikawaona.

Wamekaa meza ya pembeni, yeye na Shabani, sisikii kitu. Mwanaidi anaongea, ametazama meza. Shabani ameegemea mbele. Halafu nikaona anavua kofia yake ya kazi. Anashika kichwa kwa mikono miwili. Anakaa hivyo.

Nikajua sasa hivi ndiyo anaambiwa kwamba amekufa.

Halafu akageuza kichwa, akatazama kwenye barafu, akanitafuta mpaka akaniona.

Muda wangu ulipoisha, nilirudi kaunta kuvua viatu. Vijana walikuwa wengi, ila yeye alikuja mwenyewe. Akapiga goti tena. Alifungua vikamatio kimoja kimoja. Cha mwisho ndipo akasema, macho chini:

"Dada, nimeambiwa ulinililia."

"Mara mbili," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Asante."

Nilichukua kandambili zangu nikaondoka.

Mwanaidi alinieleza pale pale kwenye viti vya chakula, chipsi mbele yetu hazijaguswa. Nawapa kwa maneno yake kadiri ninavyokumbuka.

Shabani alikwenda Dubai Imran akiwa na mwaka mmoja. Mwanzo alikuwa anapiga. Kisha akapunguza. Kisha ikafika siku namba yake ikawa haiiti kabisa, na ndugu zake upande wa pili wakaanza kusema kwamba mwanamke ndiye kamshinda, mwanamke ana mdomo, mwanamke hakumtunza. Mtaani wakimwona wanaulizana.

Baadaye naye akapata njia ya kuja Oman. Siku ya kwanza Muscat dada mmoja kwenye nyumba aliyofikia akamuuliza kama mimi nilivyomuuliza. Mumeo yuko wapi?

"Neno lilitoka lenyewe," Mwanaidi aliniambia. "Nikasema alifariki. Yule dada akanikumbatia. Sijui kama utanielewa. Tangu Shabani apotee hakuna mtu aliyekuwa amenikumbatia. Mjane anapewa pole. Aliyeachwa anaulizwa alifanya nini."

"Na tarehe?" nikamuuliza. Maana hilo ndilo lilikuwa linanikereketa. "Tarehe ya khitma uliitoa wapi?"

"Ndiyo siku namba yake ilipoacha kuita."

Wakuu, mimi nilikuwa na hasira nyingi wakati ule. Nilimwambia maneno sitayarudia humu. Nilimwambia umenifanya mjinga, umemfanya mjinga mama mtu mzima aliyekufungulia nyumba yake, umefanya watu wasome Qur'ani kwa uongo. Hakujitetea. Alikubali kila kitu, na hiyo ilinikasirisha zaidi. Usiku ule tulilala vitanda viwili chumba kimoja bila kuagana, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Jumamosi asubuhi Shabani akaja tulipofikia, mtaa wa Deira. Hakuwa na sare, kavaa shati la kawaida, anaonekana mdogo kuliko kwenye picha. Niliomba niondoke, wote wawili wakaniambia nikae.

Alisema aliyemleta alimtelekeza bila karatasi, akaishi kwa kujificha, akaona aibu kupiga simu hana cha kutuma. Aliponyooka akapiga namba ya Mwanaidi haipo. Binamu yake akamwambia mkeo kaenda Arabuni, kaolewa huko. Akaamini. Au alitaka kuamini, sijui, nawaambia alivyosema. Sasa ameoa Mkenya, wana mtoto mchanga.

Mwanaidi alisikia la kuoa bila kutikisika. Kilichomtoa machozi ni swali lililofuata.

"Imran naye anajua nimekufa?"

Mwanaidi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameongea na mama yake huko Tanga. Mtoto aliuliza sana, wakaona heri waseme hivyo hivyo kuliko kumwambia baba yako hakutaki.

Shabani alifunika uso kwa viganja. Mabega yakawa yanamtikisika. Mimi nilitaka kumhurumia, halafu nikakumbuka miaka yote hii mtu hujatafuta hata shule anayosoma mwanao. Kwa kweli huyu baba walimzika wote wawili. Mmoja kwa mdomo, mwenzake kwa kunyamaza.

Alipotulia akasema, "Mwambie wewe kwanza. Siwezi kumtokea kwenye simu hivi hivi, mtoto atashtuka. Ukishamwambia nitapiga. Nitapiga kweli."

Tukarudi Muscat na basi lile lile. Watu wanaonyeshana video, nani kaanguka vipi. Yangu ya kwenye wavu ilizunguka basi zima, wakacheka hadi dereva akataka kuona. Nikacheka na mimi. Karibu na mpaka Mwanaidi akaegemeza kichwa begani kwangu, nikamwacha.

Nilidhani shughuli ngumu imeisha. Bado Bi Thuwaiba.

Jumapili jioni tukashuka kwake. Nikamrudishia chupa ya marashi haijafunguliwa, akaitazama, akatutazama.

"Hamkuliona kaburi?"

Mwanaidi alipiga magoti kwenye zulia akamwambia yote. Mimi nilikuwa natazama vikombe vya kahawa. Alipomaliza, bibi akaiweka ile chupa ya marashi chini.

"Nna umri huu," Bi Thuwaiba akasema, "sijapata kumkhitimia mtu aliye hai. Na halua nkapika."

Sikujua kama nicheke. Uso wake ulikuwa hauna dalili yoyote.

"Nisamehe, bibi," Mwanaidi akasema.

"Mie mtu mzima, nshakusamehe. Qur'ani haiharibiki, ishasomwa, Mwenyezi Mungu anajua pa kuipeleka. Mtoto je? Keshaambiwa?"

"Bado."

"Basi huku kwangu umekuja kufanya nini? Inuka. Kamwambie mwanao."

Ilichukua hadi Ijumaa. Kila siku alikuwa anashika simu anaiweka chini. Ijumaa wote tuko off, Imran ametoka madrasa, bibi yake akapiga video. Mtoto amekaa kwenye mkeka na kofia yake, ana pengo mbele, anacheka. Mwanaidi alikuwa amefanya mazoezi ya maneno na mimi tangu asubuhi.

"Imran, mama anataka kukwambia kitu. Unakumbuka tulikwambia baba amekufa? Mama alikosea. Baba hakufa. Yuko mzima, anafanya kazi Dubai. Na anataka kuongea na wewe."

Mtoto hakulia. Hakufurahi pia. Halafu akamtazama bibi yake, akarudi kwetu.

"Na babu?"

"Babu nini, mwanangu?"

"Babu naye yuko Dubai?"

Hapa lazima niwaeleze. Babu yake, baba mzazi wa Mwanaidi, alifariki mwaka jana. Kweli kweli. Ndiye aliyekuwa analala naye kitanda kimoja, anampeleka shule kwa baiskeli. Imran alichukuliwa makaburini, aliona anafukiwa, akaweka udongo kwa mkono wake.

Mwanaidi alishindwa. Akanisukumia simu. Upande wa pili tukasikia bibi analia, simu ikaanguka kifudifudi kwenye mkeka, tukawa tunaona giza na kusikia tu mtoto anauliza, "Bibi, yuko Dubai eti? Bibi?"

Mimi nimeshtuka mara nyingi katika kisa hiki, wakuu. Nilishtuka pale kwenye viatu nikadhani huo ndio mshtuko wa maisha yangu. Haukuwa. Ni huu.

Nilichojifunza ni kidogo. Uongo wa Mwanaidi tulidhani unamhusu yeye na sisi wakubwa, tukakasirika, tukasameheana, tukanywa kahawa. Kumbe mtoto alikuwa ameujengea vitu vyake juu. Ukimwambia mtoto mtu fulani amekufa na hajafa, siku ukirekebisha unakuwa umemwondolea na maana ya neno lenyewe. Sasa hajui nani amekufa na nani amesafiri. Mwanaidi anasema afadhali angeulizwa alifanya nini kila siku mpaka azeeke.

Shabani ametimiza, anapiga. Anamwita mwanangu, anamuuliza ya shule, mtoto anajibu vizuri tu. Jana nilikuwepo wakati bibi ametuunganisha wote. Kabla ya kukata, Imran alimwomba baba yake kitu kimoja: akimwona babu huko, amwambie baiskeli imepata pancha.

Wenye watoto humu, walimu, masheikh, yeyote aliyewahi kupita karibu na jambo kama hili: huyu mtoto aambiwe nini, na nani amwambie? Mwanaidi amekaa kitandani kwake hapa, ananisubiri nimsomee mtakayoandika. Mkitaka kumsema msemeni, amesema atavumilia. Ila na jibu mlete.